Siku za Maji Matamu

Maji ya kunywa nayanusa kwanza. Wajukuu wananicheka, mmoja aliniuliza, "Bibi, kwani maji ni samaki?" Nikamwambia aniache, pua ni yangu. Nikisikia harufu ya dawa nakunywa. Nisipoisikia nachemsha, na kama kuni hakuna nakaa na kiu yangu. Sababu nimeshaieleza hadi nimechoka, na kila nikieleza watu wanashika habari ya maji, ile ya mama mkwe wangu wanaipita. Leo nasema yote, halafu nisiulizwe tena.

Bomba tulilipata miaka ya vijiji vya ujamaa. Zamani tulikuwa tunakaa ndani huko, kila ukoo na mashamba yake, ndipo tukaambiwa tusogee barabarani upande wa Kabuku, nyumba zipangwe kwa mistari, tupate shule, zahanati na maji. Wengine walihama kwa miguu yao. Mama mkwe wangu alibebwa na lori, yeye na kuku wake na mtungi wake, na nyumba aliyoiacha ikaezuliwa ili asirudi. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge Korogwe, anakuja mwisho wa mwezi akijaliwa. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe, na binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.

Kabla ya huyo binti nilishazika wawili, wote kwa homa, wote kabla ya kuota meno. Huyu ndiye aliyebaki. Usiku nilikuwa naweka kiganja puani kwake nione kama anapumua. Mtu ambaye hajazika mtoto hawezi kunielewa, na sitaki ajifunze.

Lakini mwenye mtoto hasa alikuwa bibi yake, mimi nilizaa tu. Nikirudi shamba namkuta mgongoni kwa bibi, kafungwa kanga, analala. Alimwita "mke mwenzangu." "Mke mwenzangu leo kanuna," ataniambia, "anamtaka mume wetu," na huyo mume, baba mkwe wangu, alikuwa kaburini miaka. Mtoto anacheka hata kama haelewi. Walipendana wale watu wawili, lazima niseme hivyo.

Sasa maji. Yalitoka kwenye lambo, lile la kunyweshea ng'ombe, tena ng'ombe walikuwa wanaingia mpaka tumboni. Mashine ya dizeli inayasukuma hadi kwenye tangi kilimani, yanashuka kwa bomba moja katikati ya kijiji. Fundi wa mashine alikuwa anatia dawa ndani ya tangi, unga mweupe uliokuja kwenye pipa kutoka wilayani. Gari la wilaya likiwa zima na barabara inapitika, dawa ipo. Gari likilala, au mvua ikikata njia, dawa hakuna na maji yanakuja vilevile.

Ile dawa hatukuipenda hata kidogo. Ilinuka kama choo cha hospitali kikishaoshwa. Chai inakuwa si chai. Wanaume wakasema inaua nguvu, wanawake wakasema inafunga kizazi, na mama mkwe wangu alisema neno lake moja, kwamba watu waliomwezulia nyumba hawezi kuwaamini na tumbo lake. Mtu utambishia nini hapo? Mimi mwenyewe niliona ana haki.

Basi kijiji kizima kikajipangia utaratibu, bila kikao wala mwenyekiti. Siku maji yakinuka dawa, tunateka ya kufulia, ya kukandia udongo wa nyumba, ya kuwapa mbuzi. Siku yasiponuka, mwanamke wa kwanza kwenye foleni anaonja kwa kiganja, anageuka anasema, "Leo matamu." Habari inakimbia mstari hadi mstari. Watu wanaacha majembe. Madebe, ndoo, vibuyu, vyote vinatoka, tunajaza maji ya kunywa ya kututosha mpaka siku nyingine tamu. Hayo matamu ndiyo ya watoto, ya wagonjwa, ya mgeni aliyetoka mbali. Tulikuwa watu wazima wenye akili zetu, na hivyo ndivyo tulivyofanya, na tulijiona wajanja.

Nyumbani kwetu maji matamu yalikaa kwenye mtungi wa mama mkwe. Mtungi ule aliachiwa na mama yake. Ulikaa pembeni kwenye mchanga, umefunikwa sahani, na juu ya sahani kata ya kifuu. Mimi najitwika ndoo, yeye ndiye anayemimina, kwa bismillahi, polepole. Katika nyumba ile mtungi wa mtu haumwagwi akiwa hai. Ukishamwagwa, maana yake mwenyewe tumeshamzika.

Mvua za masika zikaanza, barabara ikawa matope, na maji yakawa matamu siku nyingi mfululizo. Watu walifurahi. Kisha mtoto wangu akaanza kuhara.

Siku ya kwanza nikasema meno. Kesho yake hakuwa na nguvu, analia bila machozi, na ukimfinya ngozi inabaki imesimama. Nikambeba hadi zahanati, matope mpaka magotini, roho juu. Nikakuta kina mama wenzangu wa mistari mingine nao wamepakata watoto. Nesi alikuwa mama wa Kishambaa, mtu wa Bungu, mkali kidogo lakini mkono wake mwepesi. Akampa mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akaniambia nisichoke, kijiko baada ya kijiko. Huku nanywesha, akaniuliza, "Maji mnayokunywa nyumbani yananuka dawa?"

Nikamjibu kwa fahari, "Hapana. Ya kunywa tunateka yale yasiyonuka."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia, halafu akawaangalia wale wengine. "Wote mnafanya hivyo?" Wakaitikia wote. Nesi akakaa kwenye benchi pamoja na sisi, akashika tama, akasema taratibu, "Jamani, yale yanayonuka ndiyo salama. Yasiyonuka ni lambo lenyewe, na mavi ya ng'ombe ndani yake." Hakutugombeza. Nadhani naye alikuwa hoi.

Nilirudi na mtoto akiwa na nafuu kidogo, na maneno ya nesi. Nikamweleza mama mkwe kwa adabu zote, nimepiga magoti kabisa: mtoto asinywe ya mtungini, nitamchemshia. Akaniambia, "Maji ya kuchemsha ni ya kumkandia mzazi. Ya kunywa ni ya baridi." Nikamwomba. Akasema sawa, fanya unavyotaka, mtoto ni wako. Nilichemsha, nikapooza, nikaweka kwenye chupa. Mtoto akapata nafuu. Akashika ukuta, akasimama. Nikalala usingizi mzuri.

Baadaye akaanza tena, na safari hii vibaya zaidi. Macho yalitumbukia ndani. Sikuelewa, maana chupa niliijaza mwenyewe. Mchana nikarudi mapema kutoka shamba, nikawakuta uani. Mama mkwe kampakata mjukuu wake, kashika kata, anamnywesha maji ya mtungini kidogo kidogo huku anambembeleza. "Kunywa, mke mwenzangu. Wanakupa majivumajivu yale, kunywa haya uburudike moyo." Na mtoto alikuwa anakunywa kwa pupa, kashika kata kwa mikono miwili.

Nimeulizwa kwa nini sikuongea naye tena. Nilishaongea. Nimeulizwa kwa nini sikumwita balozi wa nyumba kumi, au kumsubiri mume wangu. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali na mtoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Niliingia ndani, nikauinamisha mtungi, nikaumwaga. Maji yalitoka mlangoni yakapita uani, yakafika kwenye miguu yake pale alipokaa.

Aliangalia maji, hakuniangalia mimi. Akanipa mtoto. Akasema, "Umenizika, mkaza mwanangu," kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema jua limezama. Akabeba mtungi wake mtupu kichwani, akapita katikati ya kijiji hadi nyumba ya binti yake, wifi yangu, mstari wa tatu kutoka kwetu. Watu walisimama milangoni kutazama. Jioni balozi akaja, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamshukuru.

Mtoto alipona. Ilichukua muda, lakini alipona, akanenepa, akavunja sahani zangu mbili. Masika ile nyumba nyingine zilizika. Nilijaribu kusema kwenye foleni ya bomba kwamba yanayonuka ndiyo ya kunywa, wakanitazama juu mpaka chini. Mmoja akasema, "Huyu ndiye aliyemfukuza mkwe wake kwa ajili ya harufu." Wakacheka. Bwana afya naye alikuja siku moja akasema yaleyale niliyosema mimi, wakampigia makofi, kesho yake mtu akaonja kwa kiganja, "Leo matamu," na madebe yakatoka. Nikaacha kusema. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kulinda, sikuwa na nguvu za kijiji kizima.

Mume wangu alipokuja alinituma nikaombe radhi. Nilienda na kanga doti moja na wazee wawili wa ukoo. Nikapiga magoti, nikasema nisamehe mama. Akapokea kanga, akasema mbele ya wazee, "Nimesamehe." Na nadhani alisamehe kweli, kwa sababu alianza kuja tena nyumbani kumwona mjukuu. Anakaa uani, wanacheka, anamsuka nywele. Lakini hakunywa maji yangu. Nikimletea uji, ameshiba. Ugali vilevile, ameshiba, maana ugali ni maji. Akila kwangu anakula muhogo wa kuchoma au ndizi mbivu. Akishikwa na kiu anaaga. Miaka yote ile ndivyo ilivyokuwa, na sote wawili tulijifanya hatuoni.

Nitasema ukweli, ilinichosha kuliko matope na foleni. Afadhali angenitukana. Mtu anakuja kwako, anampenda mtoto wako, anakuamkia vizuri, na kila siku anakuonyesha kwamba kwako hapana tone la maji. Nilikuwa nalia jikoni peke yangu. Lakini nikimwangalia binti yangu anaenda shule na daftari zake, nilijua mtungi ule ningeumwaga tena.

Mama mkwe aliumwa wakati binti yangu yuko darasa la nne. Haikuwa tumbo, ulikuwa uzee na kifua. Nilikwenda kumuuguza kila siku kwa zamu na wifi yangu. Mimi hutembea na chupa yangu ya maji, popote. Siku moja wifi alitoka kwenda bombani, foleni ilikuwa ndefu, akaniachia mgonjwa. Alikuwa hajakata kauli, ila maneno yalikuwa yanatoka kwa shida. Midomo imekauka, imepasuka.

Akasema, "Nina kiu."

Nikamimina kikombe kutoka kwenye chupa, nikamwinua kichwa, nikakiweka karibu na midomo. Akakitazama kikombe, kisha akanitazama.

"Ya kwako hayo?"

Ningesema ya wifi angekunywa. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeshazoea kumjibu kwa adabu na kwa ukweli, ulimi ukatangulia. "Ya kwangu, mama."

"Nitamngoja mwanangu," akasema. Hakuwa na hasira. Akanipapasa mkono kidogo, kama unavyompapasa mtoto. Nikasema mama, tafadhali, kidogo tu. Nikachovya ncha ya kanga nimlowanishe midomo, akaifumba. Nikaanza kumsomea shahada sikioni kwa sababu niliona mauti yanakuja. Midomo ilicheza akijaribu kuifuata. Nje nilisikia watu wanapita na madebe wakicheka.

Alikata roho wifi akiwa bado njiani. Nilimfumba macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa. Wifi aliingia na ndoo kichwani, akanikuta nimekaa sakafuni na kikombe kimejaa mkononi. Alielewa kabla sijasema. Akaitua ndoo taratibu, maji yasimwagike, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni hiki: "Alikunywa?"

Nikamwambia hapana.