Mkate Mwembamba wa Sista Halina

Nakumbuka Krismasi moja niliyoiharibu kwa mkono wangu huu wa kulia, mwanangu, na afadhali niseme mapema kwamba hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikajiona najua dunia yote, ingawa mbali kabisa nilikokuwa nimefika ni Chaka, tena sokoni. Hata leo, ukiondoa safari moja, sijaenda mbali. Mimi ni mtu wa jiko langu.

Siku hizo nilikuwa mpishi Naro Moru kwa Sista Halina, mtawa wa Poland aliyetunza zahanati ya misheni. Dada yangu mkubwa, Wangari, alifua nguo hapo hapo. Sikukuu za Sista zilituchekesha. Siku ya Watakatifu Wote aliwasha mishumaa kwenye makaburi ya watu asiowajua. Siku ya uhuru wa kwao alifunga kitambaa cheupe na chekundu kwenye tangi la maji, akasimama wima akaimba peke yake, machozi yakimtoka, nasi tukimchungulia dirishani. Na Jumatatu ya Pasaka, ati ni desturi, alitumwagia maji. Maji ya Naro Moru, mwanangu, yanayotoka kwenye barafu ya mlima! Kelele ya Wangari ilisikika mpaka barabarani.

Lakini Krismasi ninayoisema ilitukuta hatusemezani. Nilikuwa nimeenda kuishi na Muriuki bila harusi ya kanisa, na Wangari ndiye aliyemwambia katekista. Nikakatazwa komunyo. Kila Jumapili watu walipojipanga, mimi nilibaki kwenye benchi na watoto wadogo, kila mtu akijua kwa nini.

Mkesha wa Krismasi Wapoland hawali nyama, na hawakai mezani mpaka nyota ya kwanza ionekane. Nyota gani, na mawingu ya mlima yale? Tulikaa na njaa tukitazama juu. Chakula lazima kiwe aina kumi na mbili. Sista alihesabu supu nyekundu ya bitiruti, samaki wa mto, kabichi, na githeri yangu akaihesabu mara mbili, mahindi moja, maharagwe mbili. Sahani moja iliachwa bila mtu, ya mgeni atakayebisha hodi.

Kabla ya kula, Sista aliwaeleza waliokuwa mezani jambo fulani. Sikulisikia, nilikuwa jikoni nikiangalia supu isifurike. Nilipoingia nikamwona Wangari ananijia mbele ya watu wote, ameshika mkate mweupe, mwembamba, wenye picha ya mtoto Yesu. Kwa macho yangu, hostia kabisa, ule mkate wa komunyo.

"Nyambura," akasema, "vunja kidogo ukule."

Damu ikanipanda. Huyu aliyeninyima komunyo sasa ananiletea mezani, watu waone nikikataa!

"Bado hujatosheka? Umeleta mpaka hapa ndio unicheke?"

Nikamsukuma mkono. Mkate ukaanguka, ukavunjika. Wangari aliokota vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa aproni, akatoka. Hakula.

Tukiosha vyombo, Sista akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Hii si komunyo, Nyambura. Hii mkate tu. Kwetu mtu anapea mwenzake, wanavunja, wanasameheana, halafu wanakula. Wangari alikuja kukuomba msamaha."

Nilisikia vizuri. Nikasema nitamwendea kesho. Kesho nikasema, si alianza yeye? Atarudi. Januari akaolewa Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, akaondoka bila kuniaga. Muriuki naye aliniacha kabla ya mvua za Aprili, basi hata dhambi yenyewe haikudumu.

Miaka ikaenda. Krismasi iliyopita binti ya Wangari alinipigia simu: mama anasahau watu. Nikaomba mkate ule kwa masista wa sasa, nikafunga safari ya Wang'uru. Nilikaa kwenye kiti mbele yake, nikavunja, nikampa, nikamwambia mimi ni Nyambura, nisamehe. Alitafuna polepole, akinitazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni.

"Asante, mama. Haina chumvi. Wewe ni wa kanisa?"

Nikasema ndiyo.

Mwanangu, sina faraja ya kukupa. Wanaosema hujachelewa hawajakaa kwenye kiti kile cha Wang'uru. Ninachokuambia ni hiki: mtu akikujia amenyoosha mkono, hata ukidhani anakudhihaki, pokea kwanza, uliza baadaye. Na ukishajua kwamba umekosea, usingoje kesho. Vaa viatu uende. Mungu akupe ndugu wa kukuita kwa jina, na akupe miguu ya kumfikia angali analikumbuka.

Nilimsomea maneno haya jirani yangu, Mama Kariuki, nikidhani atatoa chozi. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, kisha akasema: "Wacha kudanganya watoto ati ulikosea tu. Ulijua hiyo jioni yenyewe kwamba alikuja kuomba msamaha. Ulikuwa unangoja Wangari akuombe mara ya pili."