Kikopo cha Mama Mkwe

Osundwa alikuwa mpimaji wa makohozi katika kituo kidogo cha afya karibu na Khayega, na kazini mwake hakuwa na aibu hata chembe. Wazee kwa vijana aliwarudisha na vikopo vyao. "Haya ni mate. Kohoa utoe ya huku chini," huku akijigonga kifua. Watu walimcheka, lakini walirudi na makohozi yenyewe.

Basi mwaka wa tisini na tatu akaletewa kikopo cha Awinja, mama mkwe wake.

Huko kwao mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono wala hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kando kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Awinja alikuwa akikohoa tangu mavuno, amekonda nguo zinamvuka. Lakini alipojua ni nani atakayefungua kikopo chake, alitema mate tu, meupe kama maji ya kusukutulia, akafunika vizuri.

Osundwa aliyaona. Mtu mwingine angefukuzwa papo hapo, lakini mama mkwe utamwambiaje akohoe zaidi? Akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi, akachungulia kwa hadubini akitafuta vijidudu vya kifua kikuu, vile vinavyoonekana kama vijiti vyekundu. Hakuviona, na alijua kwa nini. Akaandika kwamba hakuna, moyo ukimsuta. Tabibu akasoma jibu lile, akaamua ni nimonia, mama akachomwa sindano za penisilini.

Sindano zikaisha, kikohozi kikabaki. Jael, mkewe, alirudi kutoka kwa mamake macho yamemvimba.

"Baba Gentrix, mama anaisha. Usiku anakoholanga mpaka mtoto anaamka analia."

Mtoto huyo alikuwa Gentrix, binti yao wa miaka minne, aliyekaa kwa nyanya yake na kulala naye kitanda kimoja.

"Mwambie atoe makohozi."

"Nimemwambia. Anasema heri afe kuliko mkwe wake aone uchafu wa kifua chake."

Kesho yake Osundwa akaenda mwenyewe. Akasimama nje ya jiko, akasukuma kikopo kitupu ndani, akaupa mlango mgongo, akasema kwa sauti asikike ndani.

"Mama, mimi ndiye nimekukosea. Niliona ni mate nikanyamaza. Nipatie kile kinakuumiza."

Kisha kikaja kikohozi kirefu, cha kupasua kifua. Mkono ukatokea mlangoni, ukaweka kikopo chini, ukarudi ndani.

Safari hii vijiti vyekundu vilijaa kote kiooni. Awinja akaanzishiwa dawa siku hiyohiyo, na Osundwa akahisi ametua mzigo. Jioni akarudi kule kumchukua binti yake.

Alimsikia kabla hajamwona. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, kinachotoka mbali. Osundwa alijua vizuri kwamba watoto wa umri huo huyameza makohozi, na hadubini haipimi kilichomezwa. Hata hivyo alitoa kikopo mfukoni, akachuchumaa mbele yake, akajigonga kifua.

"Kohoa, mama. Toa ya huku chini."

Gentrix akajitahidi, akakohoa kwa nguvu zake zote, akameza. Kisha akamtazama babake kuona kama amepatia.