Jaribio la Ming'oko kwenye Grupu la Harusi

Najua mlikuwa mnasubiri nilisimulie mwenyewe, maana Nachingwea nzima mmeshalisimulia kwa niaba yangu na kila mmoja ameongeza chumvi yake, wengine mnasema nilizimia (sikuzimia, nilikaa chini tu), wengine mnasema nililia (hapo sibishi sana). Aibu yenyewe ni yangu, basi na mimi niifaidi. Mimi Fikiri ni mwalimu wa hesabu, nimesoma, cheti kimening'inia ukutani, na harusi yangu nusura ivunjwe na grafu niliyoichora kwa mkono wangu.

Wakati ule nilikuwa nafundisha sekondari pale mjini huku nasoma shahada ya pili, na utafiti wangu ulihusu jinsi maoni yanavyoenea kwenye makundi ya mtandaoni, lakini kwa njia ya hesabu. Msikunje uso, si ngumu. Unamchukua kila mtu kwenye grupu unampa namba kati ya sifuri na moja. Sifuri ni yule asiyetaka kabisa, moja ni yule anayetaka kwa moyo wote, na nusu ni yule anayeandika "Tupo pamoja" bila kusoma. Kisha unasema kila siku mtu anasogea kidogo kuelekea kwa wale wenye maoni yaliyo karibu na yake, na aliye mbali naye sana hamsikilizi hata apige kelele. Ukishayaandika hayo kwa milinganyo, kompyuta inazungusha, inakutolea mistari, na unaona maoni gani yatakua na gani yatakufa. Mistari yangu ilikuwa inapendeza, wallahi, nilikuwa naifungua laptopu kuitazama tu.

Msimamizi wangu wa chuoni akaniambia mlinganyo ni mzuri, sasa ujaribu kwa watu wa kweli. Nikapitia magrupu yangu ya wasapu. La walimu halikufaa, humo mkuu anatoa tangazo na sisi tunajibu "Imepokelewa". La mpira nalo hakuna aliyewahi kubadili maoni tangu azaliwe. Likabaki moja tu, Kamati ya Harusi, yaani harusi yangu mimi na Zuhura, lenye ndugu zangu wa Mkotokuyana upande mmoja, ndugu zake wa Mandawa kule Ruangwa upande wa pili, na wote wanaongea kuanzia alfajiri. Nikasema moyoni, Mungu akupe nini tena?

Basi mapumziko ya saa nne, chai iko mkononi na chaki bado iko vidoleni, nikaandika meseji ambayo mlinganyo wangu ulisema itakufa kabla ya Ijumaa kwa kukosa mtu wa kuiunga mkono. Niliandika hivi: "Ndugu wanakamati, mnaonaje safari hii tukaachana na pilau, wageni wetu wakala ming'oko?"

Kwa asiyetoka huku, ming'oko ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa kwa chumvi, unainunua stendi na kuimenya huku unasubiri gari. Ni mitamu, siikashifu, ila hakuna mtu duniani aliyewahi kuvaa suti kwenda kula ming'oko. Ndiyo maana niliichagua. Na kikatuni cha kucheka sikuweka, nilijizuia kwa makusudi, kwa sababu kingeharibu jaribio.

Zuhura alinipigia chai haijapoa. "Fikiri, umelogwa?"

"Ni utafiti tu, mpenzi. Keshokutwa hakuna atakayekumbuka."

"Mama yangu hana wasapu," akasema, "lakini masikio anayo."

Nikacheka. (Hicho kicheko nakikumbuka sana siku hizi.)

Mchana wake ikaingia voisi ya Bi Sharifa. Huyu mama anauza samaki wakavu sokoni hapahapa mjini, na ni mtani wa ukoo wa kina Zuhura, na grupuni aliwekwa kwa sababu harusi bila watani ni mkutano. Akasema kwa ile sauti yake ya kuita wateja: "Hilo ndilo neno! Mkwe ana akili huyu! Ukoo huu lini wamejua kupika pilau? Msiba wa mwaka juzi nilikula wali wao mpaka leo nina kokoto tumboni. Ming'oko oyee!"

Watani wenzake wakamwagika. Mmoja akataka na bibi harusi avishwe taji la ming'oko, mwingine akasema yeye yuko tayari kuchimba na jembe anatoka nalo kwake. Na mimi, badala ya kucheka kama mtu mwenye akili timamu, nilikuwa nimekaa na laptopu nawapa namba. Bi Sharifa, moja. Wa taji, moja. Wa jembe, moja. Grafu ikapanda! Nilisisimka mpaka nikamwita mwalimu wa fizikia aje kuona, naye akasema "Hongera," ila alikuwa ananitazama kwa huruma.

Sasa angalieni kilichofuata. Ndugu zangu wa Mkotokuyana hawakuwajua wale watani kwa majina, wao waliona tu watu wa upande wa bibi harusi wanadai ming'oko kwa nguvu zote, basi kwa adabu wakaandika, "Sisi tunafuata mila za wenyeji." Ndugu wa Mandawa walipoona wakwe wamekubali, na wazo lenyewe limetoka kwa bwana harusi, wakajua upande wangu unakikataa chakula chao, na kwa kuwa nao wana adabu zao, wakaandika kwa kifupi, "Sawa." Kufika jioni ya siku ya pili grupu zima limekubaliana kwa kauli moja jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelitaka. Nilimtumia msimamizi wangu ile grafu. Akajibu kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho, nisiguse chochote, niache kiende.

Nikaacha kiende.

Hapa lazima niwaambie habari za mama mkwe wangu, Bi Somoe, maana bila yeye hamtaelewa nilichokuwa nachezea. Amemlea Zuhura peke yake kwa shamba la ufuta, na miaka yote hiyo kwenye harusi za watu yeye ndiye wa kukosha masufuria. Alijiapia kwamba siku ya binti yake Mandawa nzima itakula pilau mpaka kuku wa majirani washibe. Ufuta ulipouzwa tu, alinunua mchele, akaupanga sebuleni kwake, na kila anayepita aliitwa ndani kuuona.

Habari ikamfikia. Hakupiga kelele. Aliufunika ule mchele kwa turubai, akafunga mlango wa jiko la nje, akamwambia Zuhura, "Kama mkwe anaona nyumba yangu haifiki kula wali, akaoe panapofika."

Zuhura alinipigia analia. Siwadanganyi, wakati ule sikukumbuka shahada wala msimamizi, nilimwona Bi Somoe na turubai lake, nikataka niende niangukie miguu yake. Lakini niende vipi? Mnazijua mila zetu, mkwe mume na mama mkwe hawazoeani, ukimwona njiani unapisha, huli mbele yake, humtazami usoni, na likitokea neno linapita kwa mshenga. Nikamtuma mshenga wangu, Mjomba Mohamedi, akapanda bodaboda mpaka Mandawa na kurudi amejaa vumbi mpaka kope.

"Umemwambiaje, mjomba?"

"Nimemwambia kama ulivyonituma. Kwamba hukuwa na maana mbaya, ulikuwa unawapima tu."

"Unawapima?"

"Si ndivyo ulivyosema? Unapima maoni yao, kila mtu umempa namba yake."

Nilikaa chini (hii ndiyo ile mnayoiita kuzimia). Nikauliza, "Naye kasemaje?"

"Kasema uende mwenyewe Jumamosi, mbele ya kamati yote, ukawaambie namba zao."

Jumamosi nikaenda. Uani kwa Bi Somoe walijaa wa kwangu na wa kwao, watani wamewahi viti vya mbele kabisa, na yeye mwenyewe yuko ndani nyuma ya pazia la mlango, namsikia tu anakohoa. Mjomba Mohamedi akanikaribisha kwa maneno machache kuliko kawaida yake. Nikasimama. Mwalimu akibanwa anafundisha, basi nikaokota kijiti, nikaanza kuchora mchangani viduara na mishale, huyu anamvuta yule, yule anasogea hapa, na jasho linadondokea kwenye viduara.

Baba mdogo wa Zuhura, mpole kuliko wote pale, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mkwe, mimi ni kiduara kipi?"

"Hiki hapa, baba."

"Na namba yangu?"

Jamani, si ningesema nimesahau? Lakini hesabu imeniharibu, nikasema ukweli. "Sifuri nukta mbili, baba."

Uwanja ukaguna. Mzee akageuka kwa mkewe, "Umri wote huu, sifuri nukta mbili?" Nikataka kueleza kwamba si alama ya mtihani, ni maoni yake juu ya ming'oko, lakini nani anasikia, kila mtu alikuwa anadai namba yake, na shangazi yangu mwenyewe kutoka Mkotokuyana aliponuna kwa kupewa nusu nikajua sina tena upande.

"Na mimi?" Bi Sharifa akasimama, mikono kiunoni.

"Wewe, Bi Sharifa... moja."

"Moja! Umeandika chuoni huko kwamba mimi Sharifa nataka ming'oko harusini?"

"Si ulisema mwenyewe?"

"Mimi ni mtani!"

Nikabaki na kijiti hewani. Mnielewe, si kwamba sikujua utani, mimi nimezaliwa Mkotokuyana, nimeona watani wakilalia kaburi na kudai walipwe ndipo wainuke, nimeshamwagiwa maji na watani msibani nikashukuru. Lakini siku zile zote nilikuwa namtazama Bi Sharifa kwenye kioo cha simu, na kwenye kioo alikuwa ni maoni tu, nikampa namba kama nilivyompa kila mtu. Mtu anayekuunga mkono kwa sababu anakucheka hana nafasi kati ya sifuri na moja, na hao ndio walioinua grafu yangu yote. Nilitazama wale wakwe zangu waliokuwa wametukanana kwa adabu wiki nzima kwa ajili yangu, machozi yakanitoka (haya, mmefurahi?), nikasema, "Nisameheni. Hakuna aliyetaka ming'oko. Hata mimi sikuitaka."

Alianza Bi Sharifa. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka, akafuata yule wa jembe, akafuata baba sifuri nukta mbili, na uani pakawa hapasikilizani. Kisha nyuma ya pazia nikasikia kicheko kidogo cha mtu anayejizuia, na baadaye sauti ya Bi Somoe ikimwambia mshenga, kwa sababu mimi hawezi kuniambia: "Mjomba, mwambie mkwe harusi ipo na pilau ipo. Na kile alichokiomba, atapewa."

Sikuelewa mpaka siku ya harusi. Wageni wamekaa, pilau inapita, harufu ya binzari imejaa Mandawa nzima, na mimi nimevaa kanzu mpya nyeupe, nina njaa tangu asubuhi. Likaja sinia langu, limefunikwa kawa nzuri, limebebwa na Bi Sharifa kichwani na watani nyuma yake wanaimba. Wakalitua. Wakasema nifunue mbele ya simu zote zilizokuwa zimeinuliwa. Nikafunua. Kilima cha ming'oko, bado inatoa moshi.

Niliimenya yote, mmoja mmoja, katikati ya watu wanaotafuna nyama, na kanzu ikapata madoa ambayo hayajatoka mpaka leo. Video mmeiona, ndiyo, na nasikia imefika Masasi. Utafiti wangu nao ulipita baada ya kuongeza sura nzima ya watani, ingawa msimamizi aliniuliza kama hao watu wapo kweli.

Tangu hapo kwenye magrupu mimi ni mtu wa "Amina" na "Poleni" tu, maoni yangu nayahifadhi kichwani, na mkiniona siku moja naanza meseji kwa "Mnaonaje", ninyang'anyeni simu. Bi Somoe naye hajawahi kuzungumza nami uso kwa uso, mila ni mila, lakini kila nikienda Mandawa sinia langu linakuja limefunikwa, chini kuna ming'oko, na nyuma ya pazia kuna mtu anakohoa kwa namna ninayoijua. Sikukuu iliyopita nikafunua nikakuta pilau, pilau safi, ya nyama na zabibu. Nilishtuka, sikugusa hata tonge. Nilimwita Zuhura nikamnong'oneza, "Mke wangu, nimemkosea nini mama?"