Chungu cha Magadi

Juzi nilibomoa jiko la marehemu bibi yangu, Nambis. Najenga hapo nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, bati la rangi. Apitaye barabarani lazima aulize ni ya nani. Nyundo ilipogonga ukuta wa udongo, kikadondoka kigae cha chungu kilichofunikwa ungaunga mweupe. Nikakiokota, nikakilamba mbele ya mafundi. Magadi. Rafiki yangu, nilikaa palepale juu ya kifusi.

Leo nina stashahada ya afya ya mifugo na duka la dawa mjini Katesh lisilo na rafu tupu. Naweza kukueleza kwamba magadi soda ni chumvi ya sodiamu iliyobaki na haidrojeni ya asidi ndani yake, lakini ikikutana na asidi huituliza, mapovu yakatoka. Chuoni nilipigiwa makofi kwa jibu hilo. Utotoni nilijua tu kwamba yanalainisha makande, yanaacha mboga kijani na yanazima kiungulia cha babu.

Enzi hizo, Manyara ikiwa bado ndani ya mkoa wa Arusha, magadi yalikuja kwa punda. Mama mmoja wa kifugaji alipanda kutoka nyanda za Hanang na mabonge ya ziwani, akanywa uji kwetu, akabadilishana kwa mahindi. Alimtania bibi kwamba sisi wa milimani tukikosa magadi tutatafuna maharage kwa nyundo. Bibi aliyaweka katika chungu kimoja, miaka na miaka, mpaka chungu chenyewe kikawa kinatoa jasho jeupe.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria, na maduka yakajaa pakiti nyeupe, safi, laini. Bibi akanunua pakiti kama wenzake. Yule mama akaja mara mbili, akarudi na mzigo wake, hakuonekana tena.

Mwaka huo mama yangu alifariki baada ya kumzaa mdogo wangu. Kichanga kiliishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja tu. Asubuhi moja baada ya mvua, ng'ombe yule alivunja ua akala maharage machanga yenye umande. Tulimkuta ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, ulimi nje, pumzi inakatika. Dawa yake ni magadi, na pakiti ilikuwa tupu. Nikatumwa dukani mbio. Mwenye duka akasema yameisha, lori la mizigo limekwama kwenye tope. Duka la pili, jibu lile lile. Nilirudi nalia, mikono mitupu.

Jirani yetu alikuwa ameshafika na kisu.

"Bibi, tumchinje angali hai, nyama isipotee."

"Na huyu mtoto atanyonya nyama?"

Ndani mtoto alikuwa analia kwa njaa. Bibi aliingia jikoni, nikasikia kitu kikipasuka. Alikuwa amekivunja chungu cha magadi. Akatwanga vigae kwenye kinu, akaloweka kwa maji ya moto, akachuja kwa kanga, akamimina mafuta yote ya alizeti tuliyokuwa nayo. Jirani akaweka kisu chini, akamshika ng'ombe pembe. Tulimnywesha kwa chupa, tukamsimamisha kichwa kikielekea mlimani, tukamsugua ubavu hadi mikono ikafa ganzi. Ng'ombe alipiga magoti. Bibi akaanza kusali kwa Kiiraqw, sauti ya mtu anayeaga.

Ndipo ng'ombe akapiga mbweu. Ndefu, yenye harufu ya maharage mabichi. Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile. Jioni mtoto alinywa.

Sikujua kwamba kigae kimoja bibi alikichomeka ukutani, akiba ya siku nyingine.

Yule mtoto sasa ana lori, ndiye aliyeniletea matofali. Alinikuta kifusini.

"Kaka, unalamba nini?"

Nikampa. Akagusa kwa ulimi, akakunja uso, akatema.

"Hii sabuni," akasema, akakitupa kwenye kifusi, akaenda kuwasha gari.

Nilikitafuta mpaka giza likaingia. Chini ya vumbi, kigae na udongo vilikuwa vya rangi moja.