Hotuba Niliyoitoa kwa Kiha

Nilipomaliza kidato cha nne, mama alinipeleka kwenye kozi ya vijana ya kuishi porini. Tulipanda vilima vilivyo kusini mwa Ujiji na mabegi mgongoni, tukapiga makasia ziwani, tukajipikia ugali na dagaa na kulala kwenye mahema. Niliipenda sana, mpaka siku ya mwamba.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa mjini, mgeni Kigoma, asiyejua hata neno moja la Kiha, mcheshi, na simu haikumtoka mkononi. Alitupandisha kwenye mwamba mrefu juu ya maji akasema kila mtu aruke. Nikamwambia siwezi kuogelea vizuri.

"Vua jaketi okozi, linakudekeza."

Nikalivua, maana alikuwa mwalimu. Nikachungulia chini, miguu ikakataa. Akanisukuma.

Nilikunywa maji, nikachunika paja kwenye jiwe, na wenzangu wawili ndio walionivuta nje. Yeye alikuwa juu, anarekodi. Jioni ile video ikawa kwenye grupu letu, nikipigapiga mikono na kulia. Akaniita Kuku. Kuanzia hapo, kila nikipita, kambi nzima inatetea kama kuku aliyetaga.

Sikulia tena. Niliwaza kumwekea upupu kwenye blanketi. Kichaka chake nilikiona, na soksi ya kuvaa mkononi nikaiandaa. Halafu nikafikiri: muwasho utaisha, atacheka na huo pia. Nilitaka kitu ambacho hatakicheka.

Siku ya kufunga kozi wazazi walikaa ufukweni chini ya turubai. Mama mmoja, mkuu wa kozi, akauliza nani atatoa shukrani. Nikanyoosha mkono.

"Naomba niseme kwa Kiha, wazazi wangu wanielewe vizuri."

Mwalimu akapiga makofi. Akatoa simu akaanza kunirekodi.

Nikawaamkia, "Mwakeye," nikamwelekezea mwalimu mkono kwa heshima, nikatabasamu. Kisha nikaeleza yote: jaketi, mwamba, msukumo, video. Sauti yangu ilikuwa tamu kama ya mtu anayesifu. Yeye aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kuzipokea sifa. Raha niliyoisikia pale sijapata kuisikia tena.

Mama yangu akainuka, akakaza kanga kiunoni, akamwendea.

"Baba, ni wewe uliyemsukuma mwanangu ziwani bila jaketi?"

Simu ikashuka. "Mama, yale yalikuwa mazoezi tu."

"Haya. Vua viatu, twende ukanionyeshe hayo mazoezi."

Akamshika mkono wa shati na kumvuta kuelekea majini, na hakuna mzazi aliyemzuia. Mkuu wa kozi ndiye aliyewaachanisha, akawauliza wenzangu kama ni kweli. Wale wale waliokuwa wakinitetea kama kuku sasa walishindana kusimulia. Mwalimu aliondolewa kazini siku ile ile, akapita mbele ya wazazi wote na begi lake bila mtu kumuaga.

Baadaye alinitumia ujumbe: "Umeniharibia maisha." Sikumjibu, ila niliusoma tena na tena, kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe.

Mama mmoja wa kwaya yetu hapa mtaani kwetu Kasingirima hunihimiza nimsamehe yule kijana. Huwa namjibu kwamba nitafikiria. Bado sijaanza kufikiria.