Gunia mara nne, kadi hata mara moja

Juzi sokoni Sumbawanga, mnunuzi wa mahindi alichoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje za kukagua, kwenye gunia la mama mmoja mara nne. Akanusa punje, akang'ata moja.

"Baba, hata mkwe wangu sikumkagua hivi!"

"Biashara ni kuona, mama."

Wakati huohuo, simu ikiwa mkono wa pili, alikuwa akibadilishana kadi za wachezaji wa mpira, zile za mchezo wa mtandaoni, na mtu asiyemjua. Akatangulia kutuma yake adimu, eti mambo yaende haraka. Mwenzake akaipokea, akafunga akaunti.

"Lakini aliniita kaka!" akalia mnunuzi.

Mama akafunga gunia lake. "Ungemchoma bambo."

Jamani, tunachosha! Nami niliyezunguka nchi nzima, kadi yangu ilikwenda hivyohivyo mwezi uliopita. Mimi niliamkiwa shikamoo kwanza.