Nilimdunga Bibi Sindano Kabla Chakula Hakijaiva

Habari Admin. Naomba unifiche kabisa, maana Wakenya wengi wa huku wanausoma ukurasa huu, na wakishajua ni mimi sina pa kukimbilia.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 34, kwetu ni Bungoma. Nilifika Riyadh mwezi wa kumi na moja, nikapelekwa kwenye nyumba kubwa upande wa kaskazini. Kazi yangu ni moja tu: Bibi, mama yake bosi. Namuogesha, namlisha, nampima sukari na kumdunga insulini. Jikoni yuko Mkenya mwenzangu, nitamwita Mwende. Sitawadanganya, hatukuelewana tangu siku ya kwanza. Mwende ana mdomo, na mimi sikuzaliwa bubu.

Bibi ana binti daktari London, tunamwita Daktura. Kila siku saa sita mchana ya kwao, akipata mapumziko, alikuwa anapiga video kwenye simu ya Bibi. Huku inakuwa saa tisa, bosi ndio anaingia kutoka kazini na chakula kinatengwa. Basi tukazoea hivyo. Akipiga, namwonyesha namba ya sukari, anasema "Yalla," nadunga huku anatazama, na sinia linaletwa hapo hapo. Mimi nikaacha kuangalia saa. Simu ikilia, najua ni sindano.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mvua ilikuwa imenyesha, jangwa likaota majani, na msimu huo familia za huku hazikai ndani. Tukaenda kupiga kambi nyumba nzima, na mahema, mazulia, majiko na wajukuu kumi na mmoja. Bibi alifurahi jamani! Aliniomba nimvue viatu akanyage majani, akawa anawachekea watoto wakifukuza mijusi. Mimi lakini roho ilikuwa nzito tangu tufike, na sikujua kwa nini. Siku ya tatu, Jumapili, vumbi likatanda mpaka jua halionekani. Daktura akapiga. Nikapima, akasema "Yalla," nikadunga. Hakuuliza kama chakula kiko tayari, na mimi sikuuliza.

Nikaenda hema la jikoni. "Mwende, leta chakula cha Bibi, nishamdunga."

"Umemdunga na saa tisa haijafika? Wali ndio kwanza nimeuteleka. Hebu nitokee hapa!"

Nikaona ni maringo yake tu. Kwenye mkoba wa Bibi mlikuwa na tende na juisi, na nilishafundishwa kwamba chakula kikichelewa nimpe hivyo, sukari isishuke sana. Sikumpa. Nilikuwa nimekasirika, nataka bosi aje aone mwenyewe jinsi Mwende anavyochelewesha chakula. Bibi akafumba macho, nikadhani ni usingizi, nikamfunika blanketi, nikaenda kuwaangalia watoto.

Sinia lilipokuja Bibi alikuwa amelowa jasho, baridi, haitiki. Madam, mke wa bosi, akapiga kelele, "Kwa nini hajala?" Nikasema, "Chakula kilichelewa, madam. Mwende amechelewesha." Wakati ule niliamini ni kweli, hilo mniamini. Lakini bosi alipomgeukia Mwende na kumtukana mbele ya watu wote, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Bibi yuko hospitali mpaka leo. Macho yanafunguka lakini hamjui mtu. Mwende alinyang'anywa simu na pasipoti, akapelekwa Jeddah kwa ndugu yake bosi, anafungiwa huko. Bosi alisema, "Mama akifa, huyu atajibu polisi."

Jana Jumatano Daktura akapiga simu ile ile ya Bibi, ambayo bado ninayo mimi. Nilikuwa jikoni, nikainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa nane na dakika tatu. Nikamuuliza mbona leo amepiga mapema. Akasema, "Huku kila mwaka saa husogezwa mbele kwa saa moja, na safari hii ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili. Saa sita yetu sasa kwenu ni saa nane. Yule msichana aliyekutangulia nilikuwa namkumbusha. Wewe nilisahau."

Kumbe Mwende hakuchelewa hata dakika. Mimi ndiye niliyewahi, na saa ilikuwa imeandikwa juu ya kioo cha simu, sikuitazama.

Nikaanza kulia. Daktura akanikatiza. "Nisikilize. Kwenye ile simu tulikuwa mimi na wewe tu. Halas, liishie hapo. Ukifungua mdomo, nitasema uliniambia Mama ameshakula. Na hiyo simu usimpe mtu. Nafika Ijumaa, nitaichukua mwenyewe."

Niliifungua ile simu. Kwenye orodha ya waliopiga, simu yake ya Jumapili bado imo, saa nane na dakika nne. Nimeipiga picha kwa simu yangu, lakini hiyo hiyo picha inanifunga na mimi. Na nikimpa bosi, ataamini neno la dada yake daktari au langu mimi mfanyakazi?

Jana hiyo hiyo usiku Mwende aliazimwa simu na mama mmoja wa Kizanzibari, jirani wa kule Jeddah, akanitumia sauti. Hakunitukana. Alisema, "Dada, najua hatupendani. Lakini ulikuja jikoni nikakwambia saa tisa haijafika. Waambie hivyo tu. Wanangu hawajui niko wapi."

Nimeisikiliza mara nyingi mno. Nikisema, jela ni yangu na wanangu watalelewa na nani? Nikinyamaza, mwanamke asiye na kosa atabebeshwa damu ya mtu, na aliyembebesha ni mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Leo ni Alhamisi. Saa moja iliyopita bosi na madam wameitwa hospitali, wameondoka mbio, hakuna aliyeniambia kwa nini. Daktura anatua kesho asubuhi. Na Mwende ametuma tena ujumbe, neno moja tu: "Umesema?"

Ndugu zangu, msinitukane, nishaurini. Nimjibu nini?